Barua pepe imegoma kuingia na nenosiri ni lile lile: namna ya kuirudisha bila kupoteza kitu

Swali ni moja, linabadilisha sura tu. "Thunderbird inaniomba nenosiri kila baada ya dakika." "Outlook ya ofisini haileti barua, lakini nikifungua Gmail kwenye simu ziko zote." "Mashine ya fotokopi ilikuwa inaskani na kutuma kwenye barua pepe, sasa inaleta kosa." "Nimebadilisha nenosiri, bado." Kama umefika hapa na mojawapo ya hayo, endelea kusoma, na kwa sasa usibonyeze kitu.

Shika jambo moja kwanza: mara nyingi nenosiri lako halina kosa lolote. Kilichobadilika ni masharti ya usalama ya mwenye huduma, yaani Google, Microsoft, Yahoo au Apple, kuhusu programu zipi ziingie na kwa njia gani. Ndiyo maana kubadilisha nenosiri hakusaidii. Hata kunaweza kuharibu zaidi, na sababu nitaieleza kwenye makosa huko chini. Unachotakiwa kubadilisha ni njia ya kuingilia.

Kilichotokea

Kwa miaka mingi programu ya barua pepe ilikuwa inaingia kwa kuipelekea seva anwani yako na nenosiri lako, basi. Mwizi akilipata nenosiri hilo anaingia vivyo hivyo kutoka popote alipo, na uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pamoja na namba ya kuthibitisha) hauwezi kumzuia kwa kuwa njia hiyo haina mahali pa kuulizia namba ya uthibitisho. Wenye huduma wakaanza kuifunga. Yahoo ilifunga Oktoba 2020. Google ilifunga kwa akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022, na akaunti za kazini na za shule zikafuata mwaka 2025. Microsoft ilianza na akaunti za makampuni Oktoba 2022, kisha tarehe 16 Septemba 2024 ikazifikia akaunti za kawaida za Outlook.com, Hotmail na Live. Basi usishangae kwamba mwenye Yahoo alikwama zamani na mwenye Hotmail akawa anamcheka.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza inaitwa OAuth2. Programu haioni nenosiri lako kabisa: inafungua dirisha la Google au Microsoft, unaingia humo, unakubali, na programu inakabidhiwa tokeni. Ifikirie kama tokeni ya umeme: imetolewa kwa mita moja, jirani akiibonyeza kwenye mita yake haiingii. Njia ya pili ni nenosiri la programu, herufi 16 zinazotengenezwa na mwenye huduma kwa ajili ya programu au kifaa kimoja kisichojua OAuth2.

Nadharia ni hiyo tu.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Nenosiri lako la kawaida, lile unaloingilia kwenye kivinjari. Kama hulikumbuki, anza na kurejesha akaunti, ndipo urudi hapa.
- Simu yenye laini iliyosajiliwa kwenye akaunti, iwe hewani. Hapa wengi ndipo wanapokwama: namba iliyoandikwa mwaka uliofungua akaunti ilishapotea, au uko Muscat au Doha na laini ya nyumbani imebaki kwenye droo. Kama bado unaweza kuingia kwenye kivinjari, badilisha namba hiyo leo, kabla ya jambo lingine lolote.
- Kompyuta au simu yako mwenyewe. Kazi hii usiifanyie kwenye kompyuta ya steshenari wala intaneti kafe.
- Bando la kutosha. Kuingiza upya akaunti yenye barua za miaka kumi kunaweza kula gigabaiti kadhaa.
- Saa na tarehe sahihi kwenye kifaa. Utaona umuhimu wake mbele.
- Muda wa nusu saa bila mtu kukuita.

Hatua kwa hatua

Nimeanza na Gmail kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Wa Microsoft, Yahoo na Apple, fuata hatua ya 1 hadi ya 4, kisha nenda kwenye sehemu yako huko chini.

1. Hakikisha akaunti yenyewe ni nzima. Fungua kivinjari, nenda kwenye tovuti ya huduma yako, ingia. Ukiingia na ukaona barua, akaunti haina shida, shida iko kwenye programu. Kivinjari nacho kikikataa, tatizo lako ni lingine na hatua zinazofuata hazitakusaidia.

Ukiwa humo humo, angalia kama kuna tahadhari ya usalama inayokuuliza, "Je, ni wewe uliyejaribu kuingia?" Kama ni wewe, kubali. Wakati mwingine kazi nzima inaishia hapo.

2. Soma ujumbe wa kosa, usiufunge tu. Watu huufunga kabla hawajausoma, kisha wanaandika "inaleta eror". Eror ipi? Tofauti ni kubwa:

- "Application-specific password required": Google inataka nenosiri la programu. Nenda hatua ya 6.
- "Username and Password not accepted" au "Invalid credentials": ama bado unatumia nenosiri la kawaida kwenye njia iliyofungwa, ama nenosiri la programu ulilonalo limeshafutwa.
- "Please log in via your web browser": Google imeshuku kitu. Rudi hatua ya 1.
- "Basic authentication is disabled": hiyo ni Microsoft, na hakuna nenosiri lolote litakalopita. Unahitaji OAuth2.
- "Access blocked" au "This app is blocked": hujazuiwa wewe, imezuiwa programu. Ina sehemu yake mbele.

3. Kama unatumia POP, linda barua zako kwanza. Fungua mipangilio ya akaunti ndani ya programu uone kama imeandikwa IMAP au POP, njia mbili za programu kupokea barua kutoka kwenye seva. Kwa IMAP barua ziko kwenye seva, hata ukifuta akaunti kwenye programu zitarudi. Kwa POP, hasa kwenye kompyuta za ofisi zilizowekwa zamani na fundi fulani ambaye hayupo tena, barua zinaweza kuwa ziko kwenye kompyuta hiyo peke yake. Ukifuta akaunti, umefuta barua.

Nakili folda ya data kwenye flashi au diski ya nje. Kwa Outlook tafuta faili linaloishia na .pst. Kwa Thunderbird fungua menyu ya "Help", kisha "Troubleshooting Information", utaona mahali folda ya wasifu wako ilipo. Funga programu, nakili folda nzima. Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Usiiruke.

4. Sasisha programu. Thunderbird inaijua OAuth2 ya Gmail tangu toleo la 38 la mwaka 2015, kwa hiyo karibu toleo lolote la leo linafaa, lakini chukua jipya. Anayetumia K-9 Mail kwenye Android ajue kwamba tangu Oktoba 2024 ina ndugu yake anayeitwa Thunderbird ya Android, waliojengwa juu ya msingi mmoja, na wote wawili wanaijua OAuth2. Ile programu ya Mail iliyokuja na Windows 10 iliachwa na Microsoft mwisho wa mwaka 2024, usipoteze muda kuihangaikia.

Outlook 2010 na 2013 hazina dirisha la kuingilia Google. Kwa Gmail, utazipa nenosiri la programu. Kwa Hotmail hazina tiba.

5. Jaribu OAuth2. Hii ndiyo njia ninayopendekeza kila inapowezekana, maana haikuachii nenosiri la ziada la kutunza.

Kwenye Thunderbird:

a) Fungua "Account Settings", chagua akaunti yako, bofya "Server Settings".

b) Hakikisha seva ni imap.gmail.com, namba ya poti ni 993, na ulinzi wa muunganisho ni SSL/TLS.

c) Penye "Authentication method" toa "Normal password", weka "OAuth2".

d) Shuka hadi chini kabisa upande wa kushoto, "Outgoing Server". Chagua smtp.gmail.com, bofya "Edit", na hapo pia weka OAuth2. Poti ni 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS.

e) Nenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama, fungua orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa, futa yale ya imap.gmail.com na smtp.gmail.com. Usipoyafuta, programu inaweza kuendelea kuyang'ang'ania.

f) Funga Thunderbird, ifungue tena, bofya kuleta barua. Litatokea dirisha la Google. Ingia, soma ruhusa zinazoombwa, kubali.

Kipengele d ndicho kinachosahauliwa. Mtu anapokea barua vizuri, anafurahi, kesho yake anarudi kulalamika kwamba hazitoki. Kupokea na kutuma ni seva mbili tofauti, na kila moja ina mpangilio wake.

Kwenye iPhone au simu ya Android hali ni rahisi zaidi: ondoa akaunti kwenye programu ya barua, iongeze upya, na ukiulizwa aina chagua "Google", usichague "Nyingine". Ukichagua "Nyingine" unarudi kwenye njia ya zamani iliyofungwa. Kama ni IMAP, barua zitarudi zenyewe.

Ikikubali, ruka hadi hatua ya 9.

6. Programu haina OAuth2? Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Bila huo, Google haikupi nenosiri la programu, na ukijaribu kufungua ukurasa wake utaambiwa mpangilio huo haupatikani kwa akaunti yako. Wengi huishia hapo wakidhani huduma imeondolewa.

Fungua myaccount.google.com, nenda sehemu ya usalama, chagua uthibitishaji wa hatua mbili, fuata maelekezo. SMS inafanya kazi, lakini nakushauri uongeze pia programu ya kutengeneza namba kama Google Authenticator, kwa sababu yenyewe haihitaji mtandao wala salio. Kisha pakua namba mbadala, za kuingilia siku simu haipo. Google inatoa 10, kila moja ya tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Zichapishe au ziandike kwenye karatasi, ziweke zinapokaa vyeti vyako. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu ile ile: simu ikiibiwa Kariakoo, na namba zimeondoka nayo.

7. Tengeneza nenosiri la programu. Andika kwenye kivinjari: myaccount.google.com/apppasswords. Ingia tena ukiombwa. Andika jina litakalokukumbusha, mfano "Outlook kompyuta ya mapokezi" au "Fotokopi". Bofya kitufe cha kuunda. Utaonyeshwa herufi 16 katika mafungu manne ya herufi nne.

Zinaonyeshwa mara moja tu. Ukifunga dirisha hutaziona tena, lakini hakuna hasara: futa hilo, tengeneza jingine.

8. Weka herufi hizo pale nenosiri lilipokuwa. Jina la mtumiaji libaki anwani yako kamili, pamoja na @gmail.com. Nenosiri la kawaida lifute, bandika zile herufi 16. Nafasi kati ya mafungu hazina maana kwa Google, ila kuna programu zinazochanganyikiwa nazo, kwa hiyo ziondoe. Angalia pia kibodi ya simu isikubadilishie herufi ya kwanza kuwa kubwa.

Fanya hivyo kwenye kupokea, rudia kwenye kutuma. Namba za poti ni zile zile za hatua ya 5. Kama ni POP, seva ni pop.gmail.com na poti ni 995.

Kila kifaa kipe nenosiri lake. Ofisi ya watu watatu wanaotumia anwani moja itengeneze manenosiri matatu yenye majina tofauti. Siku kompyuta moja ikipotea, unafuta moja na wengine hawasumbuki.

9. Jaribu pande zote mbili. Jitumie barua kutoka kwenye programu, kisha itume nyingine kutoka kwenye simu kwenda kwenye programu. Zikipita zote, umemaliza. Baada ya hapo ingia myaccount.google.com/connections uone orodha ya programu zenye ruhusa kwenye akaunti yako. Utakuta za michezo na za miaka iliyopita ambazo hata huzikumbuki. Ziondoe.

Kama huduma yako si Gmail

*Outlook.com, Hotmail, Live.* Hapa hakuna njia ya mkato. Ni OAuth2 tu, na manenosiri ya programu uliyotengeneza zamani hayapiti tena kwenye IMAP, POP wala SMTP (njia ya kutuma barua). Kwanza ingia kwenye tovuti ya Outlook, fungua mipangilio ya barua, washa ruhusa ya POP na IMAP, maana kwa kawaida imezimwa. Kisha kwenye Thunderbird weka outlook.office365.com, poti 993, SSL/TLS, OAuth2. Ya kutuma ni smtp-mail.outlook.com, poti 587, STARTTLS, OAuth2. Mwenye Outlook 2010 achague kati ya kivinjari na programu mpya. Najua leseni ile ililipiwa na bado inafungua Word vizuri, lakini kwa barua za Hotmail imefika mwisho.

*Yahoo.* Programu nyingi za leo zina dirisha la Yahoo. Isiyo nalo, ingia kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti, tengeneza nenosiri la programu. Seva ni imap.mail.yahoo.com poti 993, na smtp.mail.yahoo.com poti 465.

*iCloud.* Kwenye programu isiyo ya Apple unahitaji nenosiri la programu, linalotengenezwa account.apple.com. Unaweza kuwa nayo 25 kwa wakati mmoja. Seva ya kupokea ni imap.mail.me.com, poti 993.

*Akaunti ya kazini, chuo au shirika.* Usijaribu ujanja. Msimamizi wa mfumo ndiye anayeamua kama nenosiri la programu linaruhusiwa na programu zipi zinapita. Mwandikie, umtumie picha ya ujumbe wa kosa. Akikujibu hairuhusiwi, basi hairuhusiwi.

Mashine ya fotokopi na tovuti za kutuma barua

Mashine za kuskani na kutuma kwenye barua pepe ndizo zilizoumia zaidi, kwa sababu nyingi hazina mahali pa kufungua dirisha la kuingilia. Kwa Gmail: fungua akaunti mpya ya mashine peke yake, isiwe ya mkurugenzi wala ya mhasibu. Washa hatua mbili, tengeneza nenosiri la programu, liingize kwenye mipangilio ya SMTP ya mashine, poti 587 na STARTTLS, au 465 na SSL. Kwa nini akaunti mpya? Kwa sababu nenosiri hilo litakaa ndani ya mashine kwa miaka, na fundi yeyote anayekuja kubadilisha toni anaweza kuligusa. Nenosiri la programu linasoma kikasha chote, halitumi tu. Kikasha hicho kikiwa kitupu, hakuna cha kuibiwa.

Mashine ikiwa kongwe sana haitakubali hata hivyo, kwa sababu haijui TLS ya sasa. Kabla ya kununua nyingine, angalia kama inaweza kuskani na kuweka faili kwenye folda ya kompyuta au kwenye flashi. Mara nyingi inaweza.

Hayo hayo yanahusu tovuti ya shule au duka inayotuma barua kupitia Gmail: nenosiri la programu kwenye programu-jalizi (plugin) ya SMTP, kutoka kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa kazi hiyo.

Programu yenyewe inapozuiwa

Hili ni tofauti na yote yaliyotangulia, na halina kosa la mtumiaji hata chembe. Mwaka 2018 Google ilitangaza kwamba programu inayotaka kusoma kikasha chote cha Gmail lazima ikaguliwe kwanza, na ile inayopitisha barua kwenye seva zake yenyewe ilipiwe ukaguzi wa usalama na mkaguzi wa nje, unaorudiwa kila mwaka. Wakati huo Google yenyewe ilikadiria gharama kuwa dola 15,000 hadi 75,000 au zaidi. Kampuni kubwa inalipa. Mtengenezaji mmoja anayefanya kazi jioni baada ya ajira yake, hawezi. Ukaguzi ukichelewa au ukikwama, watumiaji wanakutana na ukurasa wa kuzuiwa, na wanadhani akaunti zao zimeingiliwa.

Nia ya sheria naielewa: kuna programu zilizokuwa zinasoma barua za watu kwa ajili ya biashara. Lakini mzigo umewaangukia hata wasiohusika, na mtumiaji haambiwi kwa lugha inayoeleweka.

La kufanya: usibofye bofye mara ishirini. Tafuta taarifa ya watengenezaji wa programu hiyo, mara nyingi wameshaandika. Wakati unasubiri, kama programu inakubali kuweka IMAP kwa mkono, tumia nenosiri la programu kama hatua ya 6 hadi 8, maana njia hiyo haipiti kwenye ukaguzi huo. Ila jiulize kwanza: unaiamini programu hii? Kama uliipakua jana kutoka kwenye tangazo, ukurasa wa kuzuiwa huenda umekusaidia.

Makosa yanayorudiwa

Kubadilisha nenosiri kama hatua ya kwanza. Ukibadilisha nenosiri la Google, manenosiri yote ya programu yanafutwa na tokeni zote zenye ruhusa ya Gmail zinakufa. Apple nayo inafuta. Kwa hiyo ulikuwa na kifaa kimoja kilichogoma, sasa vimegoma vyote, pamoja na fotokopi. Badilisha nenosiri pale tu unaposhuku kuna mtu amelijua, na ukifanya hivyo jua kwamba kazi ya hatua ya 7 unaianza upya kila mahali.

Kutafuta swichi ya "programu zisizo salama sana". Ndiyo iliyokuwa inaruhusu njia ya zamani ya nenosiri tu, na video za zamani bado zinaielekeza. Haipo. Usiitafute.

Kufuata barua inayosema "akaunti yako itafungwa, thibitisha hapa". Matapeli wanajua vizuri kipindi ambacho watu wamekwama. Andika anwani ya tovuti mwenyewe kwenye kivinjari, usibofye kiungo cha kwenye barua.

Kumtajia fundi namba ya uthibitisho kwa simu. Hata kama ni shemeji yako. Aje, akae pembeni, wewe ndiye uandike.

Bado inagoma?

*Dirisha la kuingilia linajirudia, unaingia linakurudisha mwanzo.* Kwenye Thunderbird hakikisha vidakuzi (cookies) vimeruhusiwa katika mipangilio ya faragha. Bila vidakuzi OAuth2 haikamiliki.

*Umeingia, lakini bado inakataa.* Angalia umeingia kwa anwani ipi. Mwenye akaunti mbili za Google hubofya ya kwanza kwenye orodha, kumbe si hiyo iliyowekwa kwenye programu.

*Ilikuwa inafanya kazi, ukaiacha miezi mingi, sasa haiingii.* Tokeni ya Google isiyotumika kwa miezi sita inakufa. Ingia upya tu.

*Inalalamikia cheti cha usalama, au namba ya uthibitisho inakataliwa kila mara.* Tazama tarehe. Kompyuta ya mezani inayorudi mwaka wa nyuma kila umeme ukikatika, betri yake ya ndani imekwisha. Ni ile ndogo ya duara, CR2032, inauzwa hata penye saa. Namba za Authenticator hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo simu yenye saa iliyochelewa dakika mbili haitakubaliwa kamwe. Tarehe ikiwa sawa na cheti bado kinalalamikiwa, zima kwa muda ile sehemu ya antivairasi inayochungulia barua, ujaribu tena. Ikikubali, umempata mchawi.

*"Too many simultaneous connections".* Gmail inaruhusu miunganisho 15 ya IMAP kwa akaunti moja kwa wakati mmoja, na programu moja inaweza kutumia kadhaa. Anwani ya info@ iliyofunguliwa kwenye kila simu ya ofisi inafika hapo haraka. Ondoa vifaa vinavyokaa bila kazi.

*Ilianza kupakua vizuri, katikati ikafungiwa.* Umevuka kiasi cha siku. Google inaruhusu kupakua takriban MB 2,500 kwa siku kupitia IMAP na 1,250 kupitia POP. Akaunti haijaharibika, inafunguka yenyewe ndani ya saa 24. Ukirudi, iambie programu ilete barua za siku 30 za karibuni tu. Bando nalo litapumua.